Kiinua Mgongo Changu na Robo Ekari ya Yamumbi

Nilipostaafu ualimu, watu ambao hawakuwahi kuniuliza hata nimeamkaje walianza kuniuliza nitafanya nini na pesa. Nilikuwa nimefundisha hesabu katika shule za msingi hapa Eldoret kwa zaidi ya miaka thelathini, na muda huo wote hakuna aliyetaka maoni yangu kuhusu jambo lolote kubwa kuliko mtihani wa muhula. Kiinua mgongo kilipoingia, kila mtu akawa mtaalamu wa uwekezaji. Mchungaji alinishauri. Muuza maziwa alinishauri. Jirani yetu wa mtaa wa Kapsoya, ambaye amepanga nyumba moja tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alinieleza kwa kirefu jinsi ya kuwa mwenye nyumba.

Niseme mapema jambo lenyewe lilikuwa nini. Pesa zile zilikuwa za mara moja. Nyuma yake hazingekuja nyingine, isipokuwa pensheni ya kila mwezi ambayo hutosha unga, dawa ya presha na sadaka. Mimi na mume wangu tulikuwa wapangaji, na mwenye nyumba alikuwa ameanza kuleta watu wanaosimama uani na kupima kiwanja kwa macho. Nilitaka mahali ambapo mtu hangeniambia nihame nikiwa na miaka sabini na goti bovu. Nikikosea mara moja, basi nimekosea mpaka kaburini, na nilijua hivyo.

Wa kwanza kushindwa mbele yangu alikuwa shemeji yangu, ndugu mkubwa wa mume wangu, anayeishi kwao kando ya Ziwa Victoria. Alipiga simu wiki ile ile. "Mjenge nyumbani," alisema. "Mtu hazeeki kwa watu. Na uchaguzi ukija mtafanya nini huko?"

Nazijua hizo nyumba za nyumbani. Paa la vigae, vioo vya rangi, geti kubwa kuliko la shule ya upili, na ndani wanaishi popo. Mwenye nyumba mwenyewe yuko mtaa wa Huruma hapa mjini, katika chumba kimoja, anapika mlango ukiwa wazi ili moshi utoke, na anaiona nyumba yake Desemba na kwenye mazishi. Ukimuuliza inamletea nini, atakwambia heshima. Kuhusu uchaguzi sikumjibu, maana nimewaona watu wanaoishi Eldoret mguu mmoja nje, kila miaka mitano, wakihofia fujo za uchaguzi, wanafunga virago, kisha wanarudi kununua masufuria upya. Hofu nayo hula pesa, ila hakuna anayeihesabu.

Halafu kulikuwa na walimu wenzangu, waliostaafu pamoja nami. Hao walialikwa semina ya bure ya kampuni ya viwanja katika hoteli mjini. Nami nilienda, nikala soseji mbili, nikakaa nyuma. Kijana mmoja mwenye viatu vya ncha kali alisimama mbele akasema ardhi haijawahi kushuka bei tangu Mungu aiumbe. Nilinyoosha mkono nikamuuliza amepima vipi. Akacheka na kuniita mama yetu, wenzangu nao wakacheka. Baada ya chai walipakiwa kwenye basi dogo, wakapelekwa kwenye uwanda wenye vigingi vyeupe, wakaonyeshwa mahali ambapo lami inakuja, chuo kinakuja, hospitali inakuja. Kila kitu kilikuwa njiani isipokuwa maji. Walirudi jioni wamelipa malipo ya kwanza na wamevaa kofia za kampuni. Mwalimu mmoja wa jiografia, miaka yote hiyo akifundisha ramani, hakuweza kuniambia kiwanja chake kiko upande gani wa barabara.

Niliwadharau waziwazi. Niliwaambia kwamba wamenunua kofia ghali sana. Baadhi yao hawajaniamkia mpaka leo.

Mimi nilifanya kazi yangu kwa utaratibu. Kulikuwa na mtu anauza vyumba kumi vya mabati Huruma, vyote vikiwa na wapangaji. Nilienda huko siku sita tofauti, saa tofauti, na siku moja nilichagua makusudi mvua ikinyesha. Nilitazama maji yanapita wapi. Nilihesabu milango yenye kufuli nje na yenye pazia. Nilimuuliza fundi wa majiko wa chumba cha tatu choo hujaa mara ngapi kwa mwaka.

"Madam, kwani wewe ni wa serikali?" aliniuliza.

"Mimi ni mwalimu."

"Sasa mwalimu na choo yetu wapi na wapi?"

Hata hivyo alinijibu, na majibu yake yalikuwa mazuri. Huruma inatabirika. Mpangaji atachelewa, atasema shangazi amefariki, atalipa nusu, wiki ijayo atalipa iliyobaki. Kila mwaka wawili watahama alfajiri na mkokoteni, na kabla ya saa sita mchana chumba kitakuwa kimepata mtu. Hata balaa yake ina ratiba. Mume wangu, ambaye ni mtunza stoo na amebakiza miaka miwili astaafu, alivipenda vile vyumba. "Hizi room ni sure bet," alisema. "Shamba ni ya kungoja, na sisi hatuna ya kungoja."

Mume wangu ni mtu mwema ambaye hajawahi kusoma maagizo kwenye chupa ya dawa. Sikumsikiliza. Na nikiwa mkweli, si hesabu iliyonizuia. Mimi nilianzia maisha Huruma, msichana mgeni kutoka Ziwa, nikioga saa kumi alfajiri kabla foleni ya bafu haijaanza. Sikutaka kurudi kule hata kama mwenye nyumba. Niliona aibu kujifikiria nikigonga milango ya mabati nikidai kodi kwa watu ambao huenda niliwafundisha kuzidisha. Aibu hiyo niliibatiza jina nikaiita uchambuzi, nikasema mabati yanachakaa ila ardhi haichakai. Yaani maneno yale yale ya kijana wa viatu vya ncha kali.

Dalali aliyenipeleka Yamumbi, nje kidogo ya mji, hakuwa na basi wala kofia, na kwa sababu hiyo nilimwona mwaminifu. Alikuwa na koti la mvua na bodaboda ya mkopo. Alisema kuna mzee, mkulima mwenyeji, anataka kukata robo ekari kutoka shamba lake auze moja kwa moja, bila kampuni.

"Hii ni mali safi, Mwalimu," alisema. "Title iko, mzee mwenyewe yuko hai na anatembea. Unataka nini tena?"

Nilitaka mengi. Nilienda pale mara nne. Nilipiga hatua kutoka barabarani. Nilichungulia kisima cha jirani. Niliuliza kama mvua kubwa hufurika, nani anapakana na nani, umeme umefika nguzo gani. Nilienda ofisi ya ardhi mwenyewe, nikalipa, nikaletewa karatasi: shamba lilikuwa kwa jina la mzee, halina mkopo wa benki wala kesi. Nilimlipa mpimaji akaja na mashine yake ya miguu mitatu. Wenzangu hawakuwa wamefanya hata moja kati ya hayo, na nilihakikisha wamesikia kwamba mimi nimefanya yote.

Mzee alitupokea vizuri. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kofia ya sufu, na kila tulipofika mke wake alituletea mursik kwenye kibuyu, yale maziwa mala yenye weusi wa mkaa ambayo huku hapewi mtu wa kupita tu. Sisi watu wa kutoka Ziwa tuna ugonjwa wetu hapa. Tumeishi Eldoret nusu ya maisha yetu na bado tunaogopa kuonekana wageni wenye maneno mengi. Tukipewa mursik na mwenyeji tunajiona tumepokewa, na mtu akishakupokea, unaona aibu kumuuliza maswali ya nyumbani kwake. Nimewajua watu wengi wa kwetu waliokunywa yale maziwa wakayachukua kama hati ya shamba. Niliwacheka. Kisha nami nikashika kibuyu kwa mikono miwili, nikanywa, nikasifu.

Kwenye ile robo ekari kulikuwa na mahindi, mazuri, yamepaliliwa. Niliuliza ni ya nani.

"Ni ya hapa nyumbani," mzee alisema.

Nikaandika: mahindi ya nyumbani, yavunwe kwanza. Swali la kwamba nyumbani kwenyewe ni kwa nani halikunijia. Au lilinijia nikalimeza pamoja na maziwa.

Mimi, mume wangu, mzee na dalali tulikwenda kwa wakili mjini, ghorofa ya tatu, tukatia sahihi. Wakili alisema ni vizuri tulipe kidogo sasa na sehemu kubwa ibaki mpaka bodi ya ardhi itoe kibali, kwa maana shamba la kilimo haliuzwi bila bodi kuiona familia ya muuzaji na kusikia imekubali. Ushauri huo ulikuwa bora kuliko yote niliyowahi kupewa, na niliulipia. Kisha mzee, nje kwenye ngazi, akiwa ameshika kofia yake mkononi, aliniomba robo tatu ya bei papo hapo. Alikuwa na trekta kuukuu aliyotaka kununua kabla ya msimu wa kulima. Aliomba kwa heshima sana. Niliona haya kumkatalia mtu aliyeninywesha maziwa yake, nikaenda benki siku iyo hiyo nikamtumia.

Kwa hiyo siku ya bodi nilifika nikiwa sina cha kujivunia ila sikuwa nimegundua bado. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi, wanunuzi na wauzaji pamoja, kila mtu na bahasha yake. Tulipoitwa, mzee aliingia na mke wake na wana wake wawili wakubwa. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mtu mzima mwenye miwani puani, akisoma barua ya chifu kana kwamba anasahihisha insha.

"Mzee, uko na mabibi wangapi?"

"Wawili."

"Huyu ni wa kwanza. Wa pili ako wapi?"

"Ako shamba."

"Shamba gani?"

Mzee alitazama kofia yake. "Hiyo," alisema.

"Hiyo unauza?"

Mwenyekiti alivua miwani akanitazama mimi, si mzee, kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani na sasa amejikojolea. Alisema kibali hakuna mpaka yule mama aje mwenyewe, au alete barua iliyotiwa kidole na kupigwa muhuri na chifu. Kisha akaita jina linalofuata.

Nje nilimkasirikia kila mtu. Nilimkasirikia mzee kwa kunyamaza na mke wa kwanza kwa kibuyu chake. Nilimkasirikia na dalali, ambaye tayari alikuwa na ufumbuzi.

"Hiyo ni kitu ndogo," alisema. "Mwalimu, wewe ni mama, yeye ni mama. Peleka sukari, peleka majani, peleka leso moja poa. Uongee na yeye kimama. Barua nitaandika mimi."

"Na asipotia?"

"Atatia. Ataenda wapi?"

Nilimwona mpumbavu, na nikafanya alivyosema. Mzee nilikuwa nimemuuliza kuhusu pesa. Alisema pesa imeshakuwa trekta, akaniambia nisiwe na wasiwasi, kwa sauti ile ile ya maziwa. Nilikwenda dukani nikanunua sukari kilo mbili, majani ya chai na leso ya kujifunga yenye maua. Nilikuwa mwanamke msomi, niliyekuwa nikiwacheka wenye kofia, na sasa nilikuwa nabeba sukari kwenda kumshawishi mwanamke mwenzangu aache shamba lake. Sikulifikiri hivyo siku ile. Nilifikiri goti langu na miaka sabini.

Nyumba yake ilikuwa nyuma tu ya yale mahindi, imezungushiwa ua wa miti ya miiba. Nilikuwa nimeiona mara nne nikadhani ni ya mfanyakazi. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anachambua maharagwe kwenye ungo, mwanamke wa rika langu, mikono mikubwa, kitambaa kimefungwa nyuma. Hakusimama, lakini alinisogezea kigoda kingine.

"Karibu, Mwalimu."

"Asante, Mama. Unanijua?"

"Nimekuona hapa. Mara nne. Ulikuwa na kitabu unaandika. Siku moja ulipima mpaka kwa choo yangu."

Nilikumbuka ile siku. Nilikuwa nimepiga hatua kutoka choo hadi mpaka wa kiwanja ili nijue harufu itafika wapi. Sikuwa nimejiuliza choo kina mtu. Niliona aibu, na aibu yangu huwa inatoka kama ukali, kwa hiyo nikaenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe. Nikaweka sukari na majani chini, leso juu yake, nikamweleza kuhusu barua. Alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea kutoa mawe kwenye maharagwe.

"Mimi nimelima hii shamba tangu nikuje hapa," alisema nilipomaliza. "Watoto sita. Huyo mkubwa wa ile boma ingine ndio atalima na trekta. Mimi nitalima wapi?"

"Mzee anasema atakupa sehemu nyingine, kule chini."

"Kule chini ni maji."

Ni kweli. Nilikuwa nimeliandika hilo mimi mwenyewe: sehemu ya chini hufurika, isinunuliwe.

"Soma hiyo barua," akasema.

Nikamsomea. Ilikuwa fupi na imeandikwa vibaya. Kisha akanyoosha kidole kuelekea bahasha kubwa magotini mwangu.

"Na hiyo?"

"Haya ni makubaliano ya kuuziana. Ni ya wakili. Yako kwa Kizungu."

"Soma pia. Unifanyie kwa Kiswahili. Nataka kusikia nani anauza na nani ananunua shamba yangu."

Sikuona ubaya. Nilipenda hata, maana ile karatasi niliijua. Nilikuwa nimeisoma mara tatu kabla ya kutia sahihi, kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nimesahihisha nambari ya kiwanja ambayo karani wa wakili aligeuza tarakimu mbili, na nikamrudishia ukurasa mzima kwa sababu ya neno moja la mpaka. Basi nikaanza. Muuzaji ni fulani, mwenye kitambulisho nambari fulani, ambaye ni mzee wako. Mnunuzi ni fulani, mwenye kitambulisho nambari fulani.

"Huyo ni nani?" akauliza.

"Ni mume wangu."

"Na wewe uko wapi?"

"Mimi niko," nikasema, nikafungua ukurasa wa pili. Nikafungua wa tatu. Mimi nilikuwa ukurasa wa mwisho, chini, upande wa kushoto, pamoja na dalali. Tulikuwa mashahidi.

Vidole vyake viliacha maharagwe. "Pesa ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Yote?"

"Yote."

Hakucheka. Ningefurahi kama angecheka, maana ningepata mahali pa kuelekeza hasira. Alikitazama kikopo cha wino wa kidole nilichokuwa nimekiweka kando ya leso. "Sasa kidole yangu itakusaidia nini?" akauliza.

Nilijaribu kukumbuka ilivyotokea, pale pale kwenye kigoda. Karani alikuwa ameuliza, "Buyer ni nani?" na mume wangu, ambaye siku zote kitambulisho chake kiko mfuko wa shati, akakitoa akakiweka mezani. Mimi nilikuwa nabishana kuhusu nambari ya kiwanja. Hakuna aliyeamua kitu. Karani aliandika alichokizoea, mume wangu akatoa alichokizoea. Na mimi nililisoma lile jina mara tatu na kalamu nyekundu mkononi nikaliacha lilivyo, kwa sababu lilikuwa mahali ambapo nimeliona miaka yote: kwenye risiti ya kodi, kwenye bili ya stima, kwenye kadi ya kanisa ya familia. Kwangu halikuwa kosa. Nyani haoni kundule, na mimi niliyekuwa nikiwachungulia wenzangu makundu yao kwa miezi nane nilistahili kuambiwa hivyo na mtu wa kwanza kupita njia.

Mume wangu si mwizi. Hilo nalisema bila kulazimishwa. Lakini ana ndugu, na mkubwa wao ndiye yule wa simu. Nimeshahudhuria mikutano inayofanywa baada ya mazishi kule kwetu, wageni wakiondoka na hema likibaki. Nimepika chai ya mikutano hiyo. Naijua inavyoanza kwa maombi, na jinsi mjane anavyoulizwa kwa upole kama anaona ni vizuri shamba la marehemu liwe chini ya familia. Sheria inasema vingine, ndiyo, na sheria iko mjini, ghorofa ya tatu. Nilikuwa nimepima mafuriko, nguzo za umeme na harufu ya choo cha mwanamke huyu. Katika biashara yote ile, jambo lililotabirika kuliko mengine lilikuwa hili, na ndilo pekee ambalo sikulipima.

Niliketi pale nikafanya hesabu moja ya mwisho. Akitia kidole, kibali kitatoka, shamba litakuwa la mume wangu, na mwanamke huyu atalima kwenye maji. Asipotia, makubaliano yanaanguka, na mzee anapaswa kurudisha pesa zilizotoka benki kwa jina langu, kwenda kwake, na karatasi ya benki ninayo. Yaani ningekuwa namdai mzee mwenye trekta kuukuu na sauti tamu, labda kwa miaka. Ilikuwa njia mbaya. Lakini deni lingekuwa langu, na shamba halingekuwa.

Nikafunika wino.

"Usitie, Mama," nikamwambia.

"Sikuwa natia," alisema, akarudi kwenye maharagwe yake. Sukari alichukua. Leso alinirudishia, akasema hiyo rangi si yake.

Nilifika Kapsoya saa kumi na moja jioni. Mume wangu alikuwa ameshatoka kazini, amekaa mlangoni anang'arisha viatu vya Jumapili, na alifurahi kuniona kama anavyofurahi siku zote.

"Ametia?"

"Hajatia, na hatatia. Nimemwambia asitie."

Nilimweleza kwa nini. Nilijitahidi kusema polepole, bila ule ukali wangu wa darasani. Nilimwonyesha ukurasa wa kwanza, kisha wa mwisho. Alizitazama sehemu zote mbili, na uso wake ukawa na mshangao wa kweli, ambao naamini mpaka leo ulikuwa wa kweli.

"Lakini si ni yetu tu?" alisema. "Jina langu, jina lako, tofauti ni gani?"

"Kama hakuna tofauti, basi pesa ikirudi, chochote tutakachonunua, popote, kitaandikwa majina yote mawili. Yangu kwanza."

Alicheka kidogo. Kisha akaona kwamba mimi sicheki. Akarudisha kifuniko kwenye kopo la rangi ya viatu, akakibana vizuri, jambo ambalo hajawahi kufanya.

"Hayo ni mambo ya kugawana sasa," alisema. "Ndugu zangu wataelewa vipi?"

"Ndugu zako hawakufundisha hesabu."

"Basi wacha nifikirie."

Nimeishi na mtu huyu zaidi ya miaka thelathini. Aliniomba nimuoe siku ya tatu tangu tukutane, maana ni yeye aliyeniomba kwa maneno hayo hayo, nimuoe, akachekwa na marafiki zake na hakujali. Alinunua redio, pikipiki na mbuzi wa maziwa bila kufikiria zaidi ya muda wa kuchemsha chai. Vyumba vya Huruma aliviona mara moja akasema ndiyo. Mzee wa Yamumbi ameanza kunirudishia pesa, kidogo kidogo, baada ya kila mavuno, akiniomba radhi kila mara. Wenzangu wa kofia wamesikia, na wamefurahi kadiri walivyostahili kufurahi. Mwenye nyumba wa Kapsoya ametupa notisi ya miezi sita.

Mume wangu bado anafikiria.